Ruzuku ya wanyama kutoka Uingereza: mweka hazina wa Mtwara nawapa nyota nne

Nianze na nyota ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake: nne kwa tano. Moja nimeikata, sababu iko huko chini, na wala haihusu udogo wa fedha.

Jina la mfuko siliandiki. Tuna ombi jingine mezani kwao, na mweka hazina mwenye akili hamtangazi mfadhili sokoni wakati faili lake bado liko wazi. Inatosha kujua kwamba ni mfuko wa Uingereza, unatoa ruzuku kwa mashirika madogo ya ustawi wa wanyama nje ya nchi yao, kiwango cha juu ni pauni 3,000, na maombi yote yanapitia mtandaoni.

Mimi nina duka la steshenari hapa Mtwara mjini, si mbali na Soko Kuu. Natoa kopi, napiga chapa, napiga laminesheni vyeti. Maandiko ya miradi ya watu yamepita sana mikononi mwangu: akina mama wa mwani, vijana wa mikoko, wafuga nyuki wa Nanyamba. Nimeona andiko la "Mtwara" ambalo likifika ukurasa wa nne linalia ukame wa Singida. Nimeona bajeti ya kufuga kuku ambayo kitu cha kwanza kununuliwa ni laptopu tatu. Kwa hiyo waliponichagua kuwa mweka hazina wa shirika letu, fomu za wafadhili hazikunitisha. Kilichonitisha ni risiti, na nitafika huko.

Shirika lenyewe ni dogo hasa. Mwenyekiti ni afisa mifugo mstaafu, mzee ambaye mpaka leo akipita Magomeni watu wazima wanamwita Bwana Mifugo. Katibu ni mwalimu wa shule ya msingi kule Mikindani. Yupo imamu, yupo fundi baiskeli, na yupo mama mmoja anayekaanga samaki Feri ambaye paka wote wa pale utadhani kawazaa yeye. Kazi zetu ni kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, kuhasi paka wa sokoni, na kuwafuata wanaowatesa wanyama kuwakumbusha kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Hii ya mwisho haihitaji ruzuku, inahitaji mdomo, na mdomo tunao.

Ukitafuta fedha za wanyama kwa ukanda wetu wa Afrika, nyingi utakazokutana nazo zina punda ndani yake. Si vibaya. The Donkey Sanctuary, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1969, ina punda hadi kwenye jina. Brooke ilianzia Cairo mwaka 1934 kwa kuwatibu farasi waliobaki huko baada ya Vita Kuu ya Kwanza. SPANA, ya mwaka 1923, nayo ni ya wanyama wa kazi. Halafu ikaja biashara ya ngozi za punda, ambayo imewamaliza punda wa bara hili mpaka Umoja wa Afrika ukaipiga marufuku Februari 2024. Macho ya wafadhili yakazidi kuelekea huko. Wenzetu wa Arusha, Manyara na Dodoma wana kila haki ya kunufaika. Sisi huku mzigo unabebwa na baiskeli, bodaboda na guta. Katibu wetu aliwahi kupendekeza, kwa utani, tuazime punda mmoja wa kupiga naye picha.

Mbwa ndio tunao. Shambani mbwa ni mlinzi. Bila yeye nguruwe pori na ngedere watakuachia mashina ya muhogo tu. Na mbwa huyohuyo akishikwa na kichaa, anayeng'atwa kwanza ni mtoto wa nyumbani. Mwaka 2010 ulianza mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa chini ya Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation, katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania pamoja na Pemba. Mtwara na Lindi tulikuwemo. Mwenyekiti wetu alikuwa kazini wakati huo na ukimpa kikombe cha kahawa atakusimulia kijiji kwa kijiji. Mradi ulipokwisha, mbwa hawakuacha kuzaa. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakiwa wamechanjwa ugonjwa unakosa pa kupita. Lakini mbwa wa vijijini maisha yake ni mafupi na watoto wanazaliwa kila mara, kwa hiyo usiporudi mwaka unaofuata, asilimia ile inaporomoka. Mradi wa ukubwa ule haurudi kila mwaka. Hapo ndipo pauni 3,000 zinapokuwa fedha.

Sasa huduma yenyewe.

Kitu cha kwanza kizuri ni kwamba wanakuchuja kabla hujachoka. Kabla ya fomu kuna maswali mafupi: mmesajiliwa, mna akaunti ya benki kwa jina la shirika, watia saini ni wangapi na je, ni ndugu? Ukijibu vibaya unaambiwa hapohapo kwamba msiendelee. Kuna wafadhili wanakuacha ujaze kurasa ishirini, kisha miezi inapita ndipo unaambiwa nchi yenu haimo. Ila kwenye mchujo huu ndiko vikundi vingi vya huku vinakoangukia, maana cheti cha kikundi cha halmashauri hakiwatoshi. Wanataka cheti cha Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, kile cha chini ya sheria ya mwaka 2002. Kama mna cha halmashauri tu, anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, mwombeni awaelekeze, na msubiri dirisha lijalo. Kuhusu watia saini wasio ndugu, wenzangu wa Mtwara mnajua: ukichimba sana, kila mtu ni mjomba wa mwenzake. Tuliandika kwamba mwenyekiti na fundi baiskeli wana uhusiano wa mbali kwa upande wa wake zao, wakatujibu hilo halina neno. Hata kule kujibu tu kulinifurahisha.

Fomu yenyewe ni fupi. Hakuna jedwali la viashiria na vihatarishi, lile ambalo watu huja kulijaza dukani kwangu huku wanatoka jasho. Wanataka ueleze tatizo, mtakachofanya, nani atafanya, lini, na kwa bei gani. Kiingereza chenu kikichechemea hawajali. Wameandika wazi kwamba hawahukumu lugha.

Na kuna swali moja ambalo lilinifanya niwapende: siku ya chanjo, nani atamshika mbwa, na atamshikaje? Aliyelitunga aliwahi kusimama juani mbele ya mbwa asiyetaka sindano.

Tulikaa na swali hilo jioni nzima nyumbani kwa mwenyekiti, kwa sababu Mikindani jibu lake si jepesi. Wengi wetu ni Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani, mate ya mbwa ni najisi: yakikugusa unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo unamkuta mzee ana mbwa wa shamba kwa miaka, anamlisha, anamwita kwa jina, anamlilia akifa, na hajawahi kumgusa kwa mkono. Mzee huyo hatamkumbatia mbwa ili achomwe sindano, hata umletee mfadhili gani. Wanaowaleta mbwa ni watoto, wamewafunga kamba ya katani shingoni, na mtoto mmoja anakuja na mbwa watatu wanaogombana njia nzima.

Imamu ndiye aliyetupa jibu. Akasema: andikeni kama ilivyo. Kisha akaorodhesha mwenyewe mahitaji: glavu ngumu kwa wanaoshika, kamba laini za kufunga mdomo, ndoo, sabuni, maji ya kutosha, na udongo safi pembeni kwa anayetaka kujitoharisha kabla hajarudi nyumbani. Yote hayo yakaingia kwenye bajeti isipokuwa udongo. Tulipoitwa kwenye mazungumzo ya video, afisa wa mfuko, dada mmoja mpole, aliuliza kwa nini udongo umetajwa kwenye maelezo lakini haupo kwenye bajeti. Imamu akamwambia udongo wa Mikindani ni bure. Dada akacheka, akaandika. Alikuwa ameusoma mstari ule na akataka kuuelewa, na kwa wafadhili hilo ni adimu.

Siku ya Ijumaa iliyotangulia zoezi, baada ya swala, imamu alikumbusha kile kisa cha mtu aliyemkuta mbwa anakufa kwa kiu, akateremka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Kisha akataja mahali na saa ya chanjo. Gari la matangazo ambalo tulikuwa tumelitengea fungu halikuhitajika upande huo wa Mikindani, na mfuko ukaturuhusu kulihamishia fungu lile kwenye mafuta.

Nikizungumzia mafuta, hapa ndipo wanapopata nyota yao ya pili. Wafadhili wadogo wengi wanapenda kulipia kitu kinachopigika picha: chanjo, vizimba, fulana zenye nembo. Mafuta, vocha ya simu, na sahani ya wali ya mchanjaji wanaviita gharama za uendeshaji, halafu wanavikata. Hawa wanalipia. Mshahara hapana, lakini mafuta ndiyo, chakula ndiyo, nauli ndiyo. Chanjo isiyo na mafuta inalala kwenye friji mpaka inaisha muda wake. Ukitaka kujua, peleka pikipiki Msimbati. Mchanga wa kule unakunywa mafuta kabla pikipiki haijanywa.

Walituuliza pia kuhusu ubaridi wa chanjo. Watengenezaji wanataka nyuzijoto 2 hadi 8, na jibu la kawaida la mtu wa andiko ni kuomba friji la sola. Mwenyekiti akakataa. Akaeleza kwamba kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika hapahapa Tanzania, ulioonyesha chanjo mojawapo inayotumika sana kwa mbwa ilibaki na nguvu hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzijoto 25, au mitatu kwenye 30. Hakusema tuache ubaridi. Alisema makasha mazuri na barafu ya Feri yanatosha kwa zoezi la siku moja, na usiku chanjo zirudi kwenye friji la ofisi ya mifugo. Mfuko ukakubali. Nimeona miradi ambayo friji la sola limebaki kuwa kabati la nguo za mwenyekiti.

Benki sasa. Hapa mfuko hauna lawama, ila mjue. Fedha zilipotumwa kutoka Uingereza zilipita kwenye benki ya kati, ambayo ilikata chake, kisha benki yetu hapa mjini ikakata chake, halafu ikazizuia mpaka tupeleke mkataba wa ruzuku, cheti, katiba, na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha kupokea. Muhtasari tulikuwa nao, lakini haukuwa na mhuri kila ukurasa. Nikaugonga mihuri pale pale kaunta, foleni nyuma yangu inaguna. Kiasi kilichotufikia kilikuwa pungufu kuliko kilichoandikwa kwenye mkataba. Nikaandikia mfuko nikiambatanisha ujumbe wa benki. Wakasema tuhesabu kilichopokelewa ndiyo ruzuku, tupunguze mafungu wenyewe tunavyoona, tuwatumie bajeti mpya ya ukurasa mmoja. Nawajua wafadhili ambao wangetaka upungufu huo tuujaze sisi.

Na kwa wanaoogopa serikali: kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Pauni 3,000 haifiki huko. Hata hivyo sisi tulipeleka nakala kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, akaigonga mhuri wa kupokea, na mhuri ule umetusaidia baadaye. Ruzuku ndogo ina faida zake.

Risiti. Nimesema nilikuwa naziogopa. Mfadhili wa kawaida anataka risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi, kwa kila kitu, na mimi nimewahi kumwona mtu analia dukani kwangu kwa sababu dereva wa bodaboda hana mashine. Mfuko huu unakubali hati ya malipo: jina la aliyelipwa, kazi aliyofanya, kiasi, sahihi au dole gumba, namba ya simu. Inaandikwa kwa Kiswahili, na pembeni mnaweka neno moja la Kiingereza ili wajue ni mafuta au ni sabuni. Picha ya simu inakubalika. Kwa fundi baiskeli wetu aliyeviziba vikasha vya barafu vilivyopasuka, hati ya malipo ilikuwa nusu karatasi, na ikapita.

Risiti za EFD nazo zina ugonjwa wao. Karatasi ile inachapwa kwa joto, na joto la Mtwara nalo linaendelea kuichapa. Ukiweka risiti kwenye bahasha kwenye dirisha la ofisi, ukija kuandaa ripoti baada ya miezi kadhaa unakuta karatasi nyeupe, au ya kahawia, na hujui kama ilikuwa ya petroli au ya glavu. Toa kopi siku hiyohiyo, andika kwa kalamu juu ya kopi tarehe na fungu, kisha ile halisi ibane nyuma yake. Usiibane kwa gundi wala selotepu upande wa maandishi. Gundi inayafuta hata yale yaliyosalimika. Mfuko ulituuliza kuhusu risiti mbili tu katika ripoti nzima, na zote mbili nilikuwa na kopi zinazosomeka.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, na sehemu ya chanjo zetu ilikuwa bado Dar es Salaam ikisubiri basi. Tarehe ya kumaliza mradi ilikuwa inakaribia. Katibu akaandika barua pepe ya mistari mitano na picha ya magari yaliyokwama. Jibu lilikuja upesi: tumeona habari, poleni, msihatarishe mtu, ongezeni muda mpaka barabara ipitike, mkishajua tarehe mtuambie. Hawakutaka fomu ya kuongeza muda wala kutuuliza kwa nini hatukuliona hilo kwenye vihatarishi. Kwa jibu hilo peke yake nilitaka kuwapa nyota zote.

Basi kwa nini nimekata moja?

Picha ni kasoro ndogo, haingetosha. Wanapenda picha za kabla na baada, na "kabla" wanayoitaka ni mbwa mwenye mbavu. Mwenyekiti alikataa. Alisema mbwa mwembamba nyuma yake yuko mwenye mbwa mwembamba, na hatampiga picha jirani yake kwa njaa yake ili mtu wa mbali aguswe. Tukapeleka picha za watoto wakiwa na kadi za chanjo, kwa ruhusa ya wazazi. Walikumbushia mara moja, tukaeleza, wakanyamaza. Waliomba pia zoezi liwe tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili waoneshe mtandaoni. Hapo tukawaeleza kuhusu korosho: Septemba watu wameanza kuhamia mashambani, mbwa wamekwenda nao, na mjini unabaki na paka na walimu. Wakaelewa. Zoezi la mjini likafanyika mapema, na lile la mashambani likafuata mikorosho.

Nyota imeondoka kwa kanuni moja: hawafadhili shughuli ileile miaka miwili mfululizo. Wanataka kila ombi liwe na jambo jipya.

Nafahamu wanakotoka. Fedha ni chache, waombaji ni wengi, na hawataki shirika liegemee mlango mmoja. Kwa kujenga banda la wanyama kanuni hiyo ni sawa kabisa. Banda hujengi kila mwaka. Lakini chanjo ya kichaa cha mbwa ni kazi ambayo thamani yake yote iko katika kurudia. Mbwa tuliowachanja mwaka wa kwanza wana watoto sasa, na watoto hao hawajui kwamba mama yao alikuwa mradi. Unapomwambia mchanjaji alete jambo jipya mwaka wa pili, unamwambia aache kazi kabla haijazaa matunda.

Na kanuni hii inafundisha watu uongo. Mimi ndiye ninayepiga chapa, nauona. Chanjo ya mwaka jana mwaka huu inaitwa "kampeni shirikishi ya afya moja ngazi ya kaya". Mbwa ni wale wale, sindano ni ile ile, ila kichwa cha andiko kimevaa suti. Tulijadiliana kama nasi tufanye hivyo, na mwenyekiti akasema hapana. Kwa hiyo ombi letu la sasa ni la kuhasi paka wa Feri, kazi nzuri na tunaitaka, mama wa samaki ameshachagua watakaoanza. Lakini mbwa wa Mikindani mwaka huu tunawahangaikia kwa michango ya wenye maduka na kwa chanjo chache kutoka ofisi ya mifugo. Niliwaandikia mfuko kuhusu jambo hili bila kumung'unya. Yule dada alijibu kwamba amelifikisha kwa wadhamini wa mfuko. Wakibadilisha, nami nitarudi hapa kurekebisha nyota.

Kwa wasiofikia vigezo vya mfuko wa namna hii, ipo milango mingine. The Pollination Project, ya Marekani, hutoa ruzuku za kuanzia ambazo kwa miaka mingi zimekuwa za dola 1,000, na mtu mmoja mwenye wazo anaweza kuomba bila kuwa na shirika; wanajali wanyama pia. Animal Charity Evaluators nao wana ruzuku kwa mashirika ya nchi mbalimbali, ila jicho lao liko zaidi kwa wanyama wanaofugwa kwa ajili ya chakula, kuku wa vizimba na samaki, kwa hiyo mwenye mbwa na paka asipoteze muda huko. Mwenye hoja ya kuku wanaoning'inizwa miguu juu kwenye baiskeli kutoka vijijini hadi Soko Kuu, huyo aangalie vizuri.

Jambo jingine kuhusu "wataalamu wa maandiko". Kuna watu hapa mjini watakuandikia ombi kwa asilimia kumi ya ruzuku, na nusu yake wanaitaka mapema. Mfuko huu hauruhusu malipo hayo kuingia kwenye bajeti, kwa hiyo yatatoka mfukoni mwenu. Fomu yao mwalimu yeyote wa darasa la saba anaijaza, mradi akae na mtu anayejua mbwa.

Mkiomba, bajeti iandikeni kwa shilingi kwanza kisha mgeuze kwa pauni, mkiacha pengo kwa ajili ya makato ya benki mbili. Na hakikisheni watia saini wote wanapatikana mjini wiki ambayo fedha zinatarajiwa kuingia. Wetu mmoja alikuwa Newala kwenye matanga, na benki haina habari na matanga.